Siku Kumi na Mbili za Sista Ndinda

Kazi yangu ni kupiga deki. Nasema mapema ili asije mtu akaniuliza nimesomea wapi. Mwaka wa kumi na tisa huu nafagia, napiga deki na kuosha chupa katika nasari, ile wodi ya watoto wachanga, kwenye hospitali moja ya serikali huku kwetu pwani ambayo jina lake nitalimeza. Wakinihitaji huniita Mama Kavumbi. Wasiponihitaji hunipita kama kiti, na mtu anayepitwa kama kiti husikia mengi.

Nataka kumsimulia Sista Ndinda. Wako wanaomwita msaliti na wako wanaotaka kumfanya malaika, na wote hao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo na fagio langu mkononi.

Ndinda ni Mkamba wa Kibwezi. Aliletwa huku na barua ya kazi akiwa msichana mwembamba, na mwezi wa kwanza joto lilimtoa vipele shingoni mpaka nikamhurumia. Tulidhani atakimbia. Hakukimbia. Aliolewa na Musembi, fundi wa mitambo kule kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, wakapata vyumba vyao viwili Muyeye na binti mmoja, Pola, ambaye sasa yuko darasa la nne. Pola alitolewa kwa kisu baada ya mama yake kuteseka na uchungu siku nzima na nusu, na alitoka akipiga kelele hadi walinzi wa getini wakasikia. Hilo la Pola lishikeni, tutalihitaji.

Hakuwa mtu wa maneno matamu. Mama akizidisha kilio, Ndinda alimwambia, "Lia, dada, lakini usinilowanishie shuka." Hakuna aliyempenda sana na hakuna aliyetaka mtoto wake ashikwe na mwingine. Sababu ilikuwa moja: alijua kuhesabu pumzi. Aliinama juu ya kitanda cha mtoto bila kumgusa, akaiangalia saa yake aliyoibana kifuani kwa pini, akahesabu dakika nzima. Wenzake walihesabu nusu dakika wakazidisha mara mbili. Yeye alisema ile nusu nyingine ndimo mtoto anamofichia ugonjwa wake.

Alikuwa pia na mtindo wa kuniharibia kazi. Akija mama aliyezaa kwa upasuaji, mtoto wake anapumua mbio, akiuliza kwa nini, Ndinda alikuja kwenye ndoo yangu, akatoa kitambaa kikivuja maji, akakiinua mbele ya macho ya yule mama. "Mapafu ya mtoto tumboni yako hivi," alisema. "Yamejaa maji, na hayamdhuru kwa sababu huko hapumui. Uchungu ukianza, mwili wako unampelekea habari kwamba safari imefika, na yale maji yanaanza kunyonywa kabla hajatoka. Akitolewa kwa kisu na uchungu haujaanza, habari hazijamfika. Anatoka na maji yake, halafu tunamwambia apumue." Kisha alikikamua kitambaa sakafuni, na mnajua ni nani aliyepiga deki tena.

Hakukichukia kisu. Alisema kisu kimeokoa watu ambao leo wangekuwa makaburini, yeye mwenyewe akiwemo. Alichokichukia ni haraka. Kama upasuaji ni wa kupanga, na mama hana tatizo, msubiri afike wiki thelathini na tisa. Aliwagombeza madaktari juu ya hilo, tena mbele za watu. Mama mmoja alitaka mtoto wake atolewe mapema ili azaliwe siku moja na baba yake, Ndinda akamwambia mtoto si keki.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwenye mgomo ule mrefu wa zamani. Wauguzi waligoma, na walikuwa na haki. Walikuwa wakifunga mikono kwa mifuko ya plastiki kwa sababu glavu hazikuwepo. Asubuhi ya mgomo Ndinda aliandika faili zote, akatia sahihi, akanawa mikono. Alipofika mlangoni, msichana mmoja wa Kakuyuni, mzazi wa mara ya kwanza, akamshika mkono wa gauni. Mtoto wake alikuwa kitanda cha sita, cha dirishani, na mrija wa hewa puani.

"Sista, waniacha na nani?"

"Waulize waliotuweka hapa bila glavu," Ndinda akajibu, akautoa mkono wa yule msichana kwenye gauni lake, taratibu, akaenda zake.

Lilikuwa jibu la haki na mpaka leo sina la kulipinga. Mtoto alifariki siku ya Alhamisi. Sisi wafagiaji tulikuwa wa kampuni, hatukuwa na chama wala mgomo, kwa hiyo mimi ndiye niliyemfunga yule mtoto katika leso ya mama yake. Ndinda aliporudi kazini miezi imepita, kitanda kilikuwa na mwingine. Hakuniuliza na mimi sikumwambia. Nilisikia uchungu, kisha nikazoea, na kuzoea huko ndiko kunakonitisha zaidi nikikaa peke yangu.

Mwaka jana mambo yakarudi palepale. Chama kikaitisha mkutano nyuma ya jiko la hospitali. Ndinda alikuwa na mimba ya pili, tumbo limeshuka, lakini ndiye aliyesimama kusema na ndiye wa kwanza kunyoosha mkono. Alikuwepo muuguzi mdogo, Idah, ana mwaka mmoja kazini, yeye alisitasita. Akauliza kama nasari haiwezi kuachiwa japo watu wawili.

"Ukibaki wewe, watasema hospitali inafanya kazi," Ndinda akamwambia. "Mgomo hauna mlango wa nyuma, Idah."

Idah akanyoosha mkono. Mgomo ukapangwa kuanza Jumatatu, saa mbili asubuhi.

Ndinda alikuwa amepangiwa upasuaji Jumatano ya wiki ya pili tangu Jumatatu hiyo, atakapotimiza wiki thelathini na tisa kamili, kama mwenyewe alivyofundisha watu. Sasa ile Jumatano ikaangukia ndani ya mgomo. Mtu aliyewahi kupasuliwa ana kovu, na uchungu ukimwanza bila watu wa kumwingiza chumba cha upasuaji, kovu linaweza kupasuka likaondoka naye na mtoto. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Hospitali za binafsi nazo zilikuwa zimejaa watu waliowaza vivyo hivyo.

Alhamisi nilikuwa namwaga taka katika ofisi ya Daktari Okoth wakati Ndinda alipoingia. Sikufukuzwa, maana mimi ni kiti.

"Daktari, unipasue kesho."

Okoth akaweka kalamu chini. "Kesho una wiki thelathini na saba na siku mbili, sista."

"Najua."

"Unapunguza siku kumi na mbili. Wewe, unayetupigia kelele sisi."

"Najua kuhesabu, daktari."

"Na akipumua mbio?"

"Atapumua mbio siku moja, mbili, halafu maji yatakauka. Nimewaona mia. Jumapili nitakuwa kwangu Muyeye na mwanangu, mgomo uanze ukitaka."

Okoth akasema hata sindano za kukomaza mapafu hazitapata muda wa kufanya kazi. Ndinda akamwambia aandike kwamba yeye ndiye aliyeomba. Nikabeba pipa langu nikatoka. Nilikuwa na neno, nikalimeza. Ningemwambia nini, mimi ninayepiga deki, mtu aliyewahesabu watoto wote hao?

Mtoto alitolewa Ijumaa saa nne asubuhi. Wa kiume, kilo mbili na nusu na kidogo. Alilia mara moja, kilio kifupi, kisha akaanza kuguna. Mtu asiyeijua sauti ile hudhani mtoto ananung'unika. Sisi wa nasari tukiisikia huacha tunachofanya. Idah alimleta mbiombio, pua zinapanuka, mbavu zinaingia ndani kila akivuta. Alihesabu dakika nzima, kama alivyofundishwa na mama wa huyo mtoto. Pumzi themanini na nne, na mtoto mchanga hatakiwi kuzidi sitini.

Wakamweka kitanda cha sita. Ndicho kilichokuwa wazi. Wakamtia ule mrija wa puani ambao mwisho wake wa pili unazamishwa kwenye chupa ya maji, na hewa ikipita maji yanatoa mapovu. Chupa zile naziosha mimi. Sijui kusoma mashine, lakini mapovu nayajua, na alimradi yanalia nafanya kazi yangu kwa amani.

Jumamosi Ndinda aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Ile ganzi ya sindano ya mgongo ilikuwa imemtoka miguuni tangu jana yake, alisema hivyo mwenyewe, lakini alikaa kama mtu ambaye haijamtoka popote. Idah akamwambia, "Tisini na mbili." Okoth akaja, akasema si maji peke yake, mapafu yenyewe nayo yalitaka zile siku zao. Ndinda akaitikia kwa kichwa. Musembi akasimama dirishani na kofia yake mkononi, akauliza kama mtoto anaumwa sana. Ndinda akamjibu kwa Kikamba, maneno mawili matatu, na Musembi akatoka nje akainama pale penye bomba la maji.

Siku hiyo hiyo alipokelewa mtoto mwingine, wa kike, kitanda cha kwanza karibu na mlango. Huyu alizaliwa kwa njia ya kawaida, uchungu wake kamili, lakini alichelewa njiani akavuta maji machafu. Kuzaa nako hakuna njia isiyo na shimo lake. Mama yake alipoingia akanishika mkono. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikamwambia, na papo hapo nikamtambua. Kadii, yule msichana wa Kakuyuni wa mgomo wa zamani. Alikuwa amenenepa kidogo na uso umekomaa, lakini alikuwa yeye. Naye alinitambua, nikaona. Alimpita Ndinda kwenye kiti cha magurudumu, na Ndinda hakumjua.

Jumapili nilipanguza dirisha la kitanda cha sita polepole kuliko kawaida, nikamuuliza Ndinda kwenye kiti chake cha magurudumu, "Waonaje, sista?"

"Sioni kitu, Mama Kavumbi."

"Hata kidogo?"

"Namwangalia kama wa mtu mwingine. Natafuta hofu siipati. Nahesabu tu."

Mchana ule ule Idah akaja, amekwisha kubadilisha nguo, macho mekundu. Akachuchumaa kando ya kile kiti. "Sista, mgomo haukufutwa. Nibaki? Niambie tu nibaki, nitabaki, na wakinifukuza wanifukuze."

Mimi nikaacha kupanguza. Nilijua kwamba neno moja lingetosha. Mtoto alikuwa na tisini na moja, na yule msichana alikuwa anaomba ruhusa ya kumwokoa.

Ndinda akamwangalia mtoto kwenye kitanda cha sita. Kisha akasema, "Mgomo hauna mlango wa nyuma."

Nilitaka kumpiga na fagio. Nasema kweli. Nilimwona ana kiburi, nikamwona kichaa. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba hakuweza kujiombea kitu alichowanyima wengine, na hata nilipoelewa hasira haikuniisha yote.

Jumatatu saa mbili Idah na mwenzake wakaandika faili, wakatia sahihi, wakanawa mikono. Idah alipita mlangoni bila kuangalia nyuma. Wakabaki watoto sita, mama zao, Daktari Okoth mwenye wodi nne za kuzunguka, na mimi.

Saa mbili na robo Ndinda akaingia. Hakuwa kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa amevaa lile gauni la wagonjwa, leso ameikaza tumboni juu ya mshono, mkono mmoja ukutani. Kifuani alikuwa ameibana saa yake. Akasimama kwenye kitanda cha kwanza, akainama kwa shida hadi nikamwona jasho puani, akaanza kuhesabu.

"Sista," nikamwambia, "wako yuko kule."

"Namwona. Tunaanza mlangoni."

Kitanda cha kwanza, cha pili, cha tatu. Dakika nzima kila mmoja. Wake alimfikia wa sita, akamhesabu kama wale watano, akaandika, akarudi mlangoni. Mimi akanipa kazi ya chupa. "Mapovu yakikatika popote, niite. Usiniulize, niite tu." Nikaweka fagio pembeni. Tulifanya hivyo siku tatu, mchana yeye na mimi, na alipolala kidogo Okoth alishuka akashika zamu. Musembi alileta uji kwenye chupa ya chai, na Ndinda aliunywa akiwa amesimama, kwa sababu kukaa na kuinuka kulimuuma zaidi kuliko kusimama.

Jumanne watu wa chama wakaja mlangoni, wanaume wawili na mwanamke mmoja. Wakamwambia anavunja mgomo alioupigia kura.

"Mimi sipo kazini," akawajibu. "Mimi ni mgonjwa. Nimelazwa. Kaangalieni faili langu."

"Mgonjwa hatoi dawa, Ndinda."

"Basi andikeni kwamba mgonjwa amechanganyikiwa."

Wakaandika kitu kweli. Ndipo jina la msaliti lilipoanzia. Yeye alikuwa amekwisha rudi kitanda cha pili.

Jumatano asubuhi alimwinamia mtoto wake, akahesabu dakika nzima. Akasimama kidogo, akahesabu tena, jambo asilolifanya kwa mtu. Kuguna kulikuwa kumeisha tangu alfajiri. Mbavu zilikuwa zimetulia.

"Hamsini na nane," akasema.

Mimi nilifunika mdomo na kanga, machozi yakanitoka bila aibu. Yeye akaandika hamsini na nane, akaweka kalamu mfukoni, uso wake ule ule wa Jumamosi. Hakutabasamu wala hakumgusa. Akarudi mlangoni kuanza mzunguko.

Kadii alikuwa ameketi pale karibu na kitanda cha kwanza, anakamua maziwa kwenye kikombe. Alikuwa amemwangalia Ndinda siku zote tatu bila kusema naye zaidi ya salamu.

"Sista," akamwita, "wewe huondoki? Wenzio wote wameenda."

Ndinda hakuinua kichwa. Alikuwa anaitengeneza saa yake kifuani. "Niende wapi, na mwanangu yuko hapa?"

Kadii akafunika kile kikombe, akakiweka juu ya kabati, akapanguza vidole.

"Wangu naye alikuwa hapa, sista. Mgomo ule mwingine."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda kisimani. Ndinda akainua kichwa, akamwangalia, na macho yake yakashuka kutoka usoni kwa Kadii mpaka mkononi, ule mkono uliowahi kumshika gauni.

"Kitanda cha ngapi?" akauliza.

"Cha dirishani. Pale alipolala wako."

Ndinda hakugeuka kutazama dirishani. Nilingoja aseme pole, au alie, au aanguke chini, na nilikuwa tayari kumdaka. Alisimama tu, mkono juu ya mshono. Kisha akainama juu ya binti wa Kadii, akaangalia saa, akaanza kuhesabu, safari hii kwa sauti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Ishirini na tisa, thelathini, thelathini na moja. Akanyamaza. Mtoto alikuwa anapumua sawasawa, mapovu yanalia, hakuna kilichokatika. Ni yeye aliyekuwa amepotea hesabu. Miaka yote ile sikuwahi kumwona Sista Ndinda akipotea hesabu.

Kadii akasogeza kiti chake, akampa nafasi.

Ndinda akashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, akaanza tena kuanzia moja.